Shule na Siku za Michango: Mtoto Achange Nini?

Taifa lolote lililo hai huwa na siku zake za kuchanga. Yapo maafa yanayotokea bila taarifa, kama tetemeko la ardhi la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, au maporomoko ya matope ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023. Zipo pia siku zinazojulikana mapema: siku za wagonjwa, za yatima, za watu wenye ulemavu, za Msalaba Mwekundu, na nyinginezo. Siku hizo zinapowadia, macho ya waandaaji hugeukia upesi mahali pamoja, napo ni shuleni. Sababu haifichiki. Shuleni watu wamekwisha kusanyika. Wana viongozi, wana orodha za majina, husimama mstarini kila asubuhi, tena ni watiifu. Mwandaaji hupiga hesabu: ikiwa kila mtoto ataleta sarafu moja tu, mfuko utajaa kabla jua halijachwa.

Katika makala haya tunakusudia kuichungua hesabu hiyo na kuikataa. Hatusemi kwamba shule ijitenge na shida za taifa. La, hasha! Shule isiyoguswa na kilio cha jirani si shule, bali ni ghala la vitabu. Tunasema kwamba shule ishiriki katika siku hizo kwa nguvu zake zote, lakini isimdai mtoto fedha. Mchango wa mwanafunzi uwe kazi ya mikono yake, elimu yake na wakati wake. Ikiwa kinyume cha hayo, shule itakuwa imegeuka kituo cha kutozea kodi, na wema utakuwa umegeuka aibu.

Mchango katika mila zetu

Kuchanga si jambo tulilofundishwa na wageni. Wapare walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kwayo walichimba mifereji na kujenga ndiva za kuhifadhia maji ya mashamba. Wakamba waliita kazi ya namna hiyo mwethya. Watu wa pwani walikula kikoa, kila mmoja akitoa chakula kwa zamu yake. Mijini, watu waliotoka makabila mbalimbali na wasiokuwa na ukoo wa karibu waliunda vyama vya kufa na kuzikana ili asiwepo mtu wa kutupwa kama mzoga. Na hadi leo, msiba unapotokea, rambirambi hutolewa kabla ya kuulizwa.

Tukiyatazama mambo haya kwa makini, tutaona kwamba yana tabia tatu zinazofanana. Kwanza, mchangaji humjua anayemchangia na huyajua matumizi ya mchango wake. Mfereji aliouchimba ataona maji yakipita ndani yake. Pili, kila mtu hutoa kile alicho nacho yeye mwenyewe: mwenye nguvu hutoa nguvu, mwenye nafaka hutoa nafaka, mwenye busara hutoa shauri. Tatu, anayepokea leo ndiye atakayetoa kesho, kwa hiyo hakuna anayeinamishwa kichwa.

Je, mtoto alikuwa na nafasi gani katika utaratibu huo? Alikuwa na nafasi kubwa. Aliteka maji ya wafanyao kazi, aliokota kuni za msibani, alichunga mbuzi wa wale waliokwenda kwenye msaragambo, na alibeba watoto wadogo ili mama zao wapate kulima. Lakini hakuna mzee aliyemwita mtoto mbele ya watu na kumwuliza: mbuzi wako yu wapi? Mzee huyo angeonekana amepungukiwa na akili, kwa maana kila mtu alijua kwamba mtoto hana mbuzi. Mbuzi ni wa baba yake, na mwenye shauri na baba huenda kwa baba.

Huenda mtu akasema kwamba hata msibani majina huandikwa katika daftari pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja. Ni kweli. Lakini daftari hilo ni la watu wazima wanaotoa katika mifuko yao wenyewe, nalo huandikwa ili mfiwa apate kulipa wema kwa wema siku ya zamu yake. Halikuwekwa ili asiyetoa atajwe kwa sauti. Hapo ndipo daftari la msiba linapotofautiana na orodha inayobandikwa ukutani darasani.

Sarafu si ya mtoto

Msingi wa hoja yetu ni huu: mtoto wa shule hana fedha. Sarafu anayoileta imetoka katika kibindo cha mzazi. Basi shule inapomwagiza mtoto alete mchango, kwa hakika haimwombi mtoto. Inamwomba mzazi, tena inamwomba kwa kumtumia mtu ambaye mzazi hawezi kumkatalia bila kuumia moyoni.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitumbua barabarani, naye ana watoto watatu shuleni. Kila mtoto ametakiwa kuleta shilingi 200. Mwenye mshahara ataziita fedha hizo si kitu. Lakini kwa mama huyu shilingi 600 ni sehemu ya unga wa kesho, na unga wa kesho ndio mtaji wake. Siku za michango zikiwa nne au tano kwa mwaka, na kila moja ikija na kiasi chake, mama huyu atakuwa amechangia kwa kadiri kubwa ya pato lake kuliko mfanyabiashara aliyepigwa picha akikabidhi hundi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, walisema wahenga. Na waandaaji wengi wa siku hizi ni watu walioshiba.

Tutaambiwa kwamba mchango ni hiari. Yafaa tuitazame hiari yenyewe ilivyo mstarini. Mwalimu wa zamu anatangaza kwamba Darasa la Sita wameleta wote, lakini Darasa la Tano wanaiangusha shule. Kiranja anapita na karatasi, anaweka alama mbele ya majina. Mwalimu wa darasa, ambaye naye ameulizwa na Mwalimu Mkuu, ambaye naye ameulizwa na ofisi iliyo juu yake, anawasimamisha wasioleta. Hakuna aliyetamka neno lazima, wala hakuna fimbo iliyoinuliwa. Hata hivyo mtoto aliyesimama anajua kwamba amehukumiwa, na kosa lake ni umaskini wa nyumbani kwao. Kesho yake mtoto huyo atafanya moja kati ya mambo matatu: atamlilia mama, au ataiba, au hataonekana shuleni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mbele ya karatasi ya kiranja, moyo haujapewa nafasi.

Tena taifa letu limekwisha kutoa uamuzi katika jambo linalokaribiana sana na hili. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1973, ikarudi katika miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, kisha ikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 Kidato cha Tano na cha Sita navyo vikaingizwa. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za umma, na ikaagizwa kwamba mwalimu asishike fedha za michango; mzazi mwenye nia ya kuchangia apeleke mchango wake kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Nia ya hatua hizo ni moja, yaani mtoto asifukuziwe elimu kwa sababu ya fedha. Mlango uliofungwa mbele ya nyumba usifunguliwe uani kwa jina la hisani.

Mafunzo ya karibu na ya mbali

Wenye busara hujifunza kwa yaliyowapata wengine. Jirani zetu wa Kenya walipopata uhuru mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwapa mwito wa Harambee. Mwito huo ulifanya makubwa: mamia ya shule za sekondari yalijengwa kwa michango ya wananchi wakati serikali haikuwa na uwezo wa kuzijenga. Lakini kadiri miaka ilivyopita, kitu kilichoanza kama umoja wa hiari kiliingiliwa na shuruti. Wapo machifu waliowadai wananchi stakabadhi ya Harambee kabla ya kuwapa huduma, na wapo wanasiasa waliotumia mikutano hiyo kujinunulia majina. Hatimaye, mwaka 2003, ilibidi sheria ya maadili ya watumishi wa umma itungwe, nayo ikawakataza watumishi hao kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Harambee haikuharibiwa na ubahili wa watu. Iliharibiwa na cheo kilichoingia kati ya mtoaji na moyo wake. Na shuleni, mbele ya mtoto, kuna cheo gani kikubwa kuliko cha mwalimu?

Somo la pili latoka mbali zaidi, lakini latuhusu sisi moja kwa moja. Huko Uingereza, shirika la Comic Relief lilianzishwa mwaka 1985, wakati wa njaa kuu ya Ethiopia, na mwaka 1988 likaanzisha Siku ya Pua Nyekundu. Siku hiyo watoto wa shule huvaa pua za bandia, na katika shule nyingi huruhusiwa kuacha sare zao kwa kulipa kiasi kidogo. Fedha nyingi zimepatikana kwa njia hiyo, na haki itendeke: zimewafaa watu wengi, barani Afrika na kwingineko. Lakini mtoto wa Kiingereza alifundishwa jambo jingine pamoja na kutoa sarafu. Kwa miaka mingi alionyeshwa mtoto wa Kiafrika akiwa na njaa, inzi usoni, hana jina, hana mama, hana mwalimu, wala hana kijiji kinachomtunza. Mwaka 2019 mbunge David Lammy alilipinga jambo hilo hadharani, baada ya mtangazaji mmoja kupigwa picha amembeba mtoto wa Uganda. Na mwaka 2020 shirika lenyewe likatangaza kwamba halitapeleka tena watu mashuhuri barani Afrika kwa filamu za namna hiyo. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka thelathini.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu sisi ndio tuliokuwa ndani ya picha. Twajua ladha ya kuonyeshwa kwa walimwengu kama watu wa kupokea tu. Je, si ajabu basi kwamba sisi wenyewe humsimamisha mtoto asiyeona mbele ya mkutano, tukampa kipaza sauti aeleze taabu zake, huku watoto wenzake wakipita na kutia sarafu katika beseni? Mtoto yule ana hesabu anazozijua kuliko wenzake, ana sauti ya kuimba, ana ndoto ya kuwa hakimu. Beseni halikuuliza hayo. Limewafundisha watoto mia nane kwamba mwenzao ni shida inayotatuliwa kwa sarafu, kisha kila mtu akaenda zake.

Somo la tatu ni letu wenyewe. Baada ya tetemeko la Kagera, Watanzania walichanga kwa moyo mweupe. Lakini mwezi huo huo ilibidi viongozi wa mkoa na wilaya wavuliwe vyeo kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Tena ilipobainika kwamba fedha zilielekezwa kwenye majengo ya umma, zikiwamo shule zilizobomoka, wapo waliochanga wakidhani wanamjengea mwenye nyumba iliyoanguka. Hatuamui hapa kwamba matumizi hayo yalikuwa mabaya. Kujenga shule ni jambo jema. Tunasema tu kwamba ikiwa mtu mzima, mwenye redio na gazeti, hupata taabu kujua shilingi yake imefika wapi, mtoto wa Darasa la Nne atajuaje? Kumfundisha mtoto kutoa asikojua si kumfundisha ukarimu. Ni kumzoeza kutouliza, na taifa la watu wasiouliza ni shamba la wezi.

Hoja za wanaotupinga

Wapo wasemao kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba asipozoea kutoa akiwa mdogo atakuwa bahili ukubwani. Methali hiyo twaikubali kabisa, nasi twaishika kuliko wao. Mtoto huzoea kile anachokitenda. Akipokea sarafu kwa mama na kuipitisha kwa mwalimu, atakuwa amezoea kupitisha. Akilima tuta la mahindi, akalipalilia, akavuna, kisha akaona gunia likipakiwa kwenda kwa waliofikwa na njaa, atakuwa amezoea kutoa, maana mgongo wake utakumbuka.

Wapo pia wasemao kwamba maafa yanahitaji fedha, wala si nyimbo na majembe. Hoja hii ina uzito, na hatuipuuzi. Hospitali hainunui dawa kwa ngoma. Lakini wenye fedha wapo, nao ni watu wazima, wafanyabiashara, makampuni na serikali. Hao waombwe fedha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitukosoa kwa kudhani kwamba fedha ndiyo msingi wa kila jambo, na kutukumbusha kwamba fedha ni tunda la jasho. Yaliyofuata yalithibitisha ukweli huo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi wakisikiliza redio, wakasoma, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba zao. Hawakuanza kwa kupitisha bakuli. Walianza kwa jembe. Na hata kwa hesabu tupu, shamba hushinda bakuli: ekari moja ya mahindi iliyotunzwa vizuri na kupata mvua hutoa magunia kumi au zaidi.

Hatuna budi kukiri kwamba kazi nayo yaweza kuwa dhuluma. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwezi Machi 1967, ilikusudia mwanafunzi ajifunze kwa kufanya kazi na kuyaona matunda yake. Mahali pengine ikapotoshwa: jembe likawa adhabu ya wachelewaji, na mavuno yakaenda nyumbani kwa watu. Mwanafunzi aliyelima bila kujua mavuno yameliwa na nani hakujifunza kujitegemea. Alijifunza kuichukia ardhi. Kwa hiyo masharti tunayoyataka kwa fedha tunayataka pia kwa jasho: lisitolewe kwa adhabu, lisile wakati wa masomo, na lihesabiwe hadharani.

Shule ishiriki vipi?

Mapendekezo yetu ni machache, na kila shule yaweza kuyatekeleza.

Jambo la kwanza, orodha za michango ziondolewe madarasani. Asitajwe aliyetoa wala asiyetoa, na madarasa yasishindanishwe. Mwandaaji mwenye haja ya fedha aende kwenye mkutano wa wazazi, aeleze shida yake, aulizwe maswali na kuyajibu. Hata siku tukufu kwetu sote, kama ile ya kupokea Mwenge wa Uhuru, isiwe sababu ya kumwomba mtoto sarafu.

Jambo la pili, kila shule yenye ardhi itenge sehemu ya shamba lake iwe ya dharura ya taifa. Mavuno yake yapimwe na wanafunzi wenyewe katika somo la Hisabati, na barua ya kuyakabidhi waiandike katika somo la Kiswahili. Shule ya mjini isiyo na shamba ina mikono: itengeneze madawati ya shule iliyobomoka, ishone mashuka ya zahanati, ipande miti na kuitunza, si kuipanda mbele ya wapiga picha na kuiacha ikauke. Wanafunzi wa sekondari waliotimiza miaka 18, wakipenda na afya zao zikiruhusu, watoe damu. Huo ni mchango usioweza kununuliwa.

Jambo la tatu, tuitumie sanaa yetu. Wanafunzi watayarishe ngoma, ngonjera na maigizo, na watu wazima walipe kiingilio. Fedha zihesabiwe mbele ya wanafunzi jioni ile ile, na stakabadhi ibandikwe ukutani. Ukuta uliozoea kubeba majina ya maskini ubebe hesabu za wakubwa.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote: huruma ianzie dawati la pili. Kabla shule haijawachangia walio mbali, ijiulize ni nani kati yetu anayekuja bila kula. Ni nani asiyefika wakati wa mvua kwa kuwa hana wa kumvusha mto. Ni nani anayesoma kwa kuazima macho ya mwenzake kwa kuwa haoni ubaoni. Mambo haya hayahitaji siku ya taifa. Yanahitaji mwalimu mwenye macho na darasa lenye utu. Na yatendwe kwa staha, bila tangazo, kama wafanyavyo jirani wema wanaopitisha chakula mlango wa uani.

Walimu wenzetu, nanyi wanafunzi, utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi peke yake. Ni pia namna tunavyopeana na namna tunavyopokea. Wazee wetu walituachia utaratibu ambao ndani yake maskini aliweza kutoa na kuheshimiwa, kwa sababu kila mtu alikuwa na mikono miwili. Sarafu haigawi watu namna hiyo: inawagawa katika wenye nayo na wasio nayo. Ikiwa tunataka kila mtoto wa nchi hii ainue kichwa siku ya kuchanga, basi tumwombe kile ambacho Mungu amempa kila mtoto. Siku waandaaji watakapobisha hodi shuleni na bakuli lao, tuwapokee kwa heshima, tuwape kiti, tuwasikilize. Kisha tuwaelekeze kwa wazazi, nasi tuchukue majembe.